Kichwa Kinaelekeza, Ulimi Unabofya: Mwongozo Kamili wa Kutumia Kompyuta Bila Mikono

Mkarafuu uliokomaa hufika mita 8 hadi 12, na karafuu zenyewe huota kwenye ncha za vitawi, pale pasipoweza kumbeba mtu. Ndiyo maana Pemba kila msimu kuna wanaoanguka, kama wanavyoanguka waangua nazi na kama wanavyoumia watu kwenye ajali za pikipiki. Aliyevunjika shingo anaweza kubaki na akili yake yote, macho yake na kauli yake, lakini mikono haiitiki. Mwongozo huu ni wake yeye na wa walio karibu naye: mama, mke, kaka, mwalimu wa skuli, fundi redio wa mtaani. Unamfaa pia aliyekatwa mikono, na yule ambaye maradhi ya misuli yamemdhoofisha vidole.

Nitaeleza njia mbili. Ya kwanza ni ya kamera, na kama laptopu ipo haina gharama yoyote. Ya pili ni kofia yenye kihisi cha mwendo pamoja na swichi ya shavuni inayobonyezwa na ulimi. Hii ya pili ndiyo ninayoitetea, kwa sababu inagawa kazi vizuri: kichwa kinasogeza kishale, ulimi unatoa amri. Mtu akilazimishwa kufanya yote kwa kichwa, shingo huchoka mapema na kompyuta hugeuka mzigo.

Kwa nini ulimi hubaki

Amri za mikono na miguu hupita ndani ya uti wa mgongo. Uti ukikatika shingoni, amri hazifiki. Ulimi haupitii njia hiyo. Unaendeshwa na mshipa wa fahamu wa 12 katika zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo na shina lake, kwa hivyo mtu aliyepooza kuanzia shingo kwenda chini kwa kawaida huwa na ulimi mzima, mwepesi na usiochoka haraka. Kugeuza kichwa nako kunategemea mshipa wa 11 na mishipa ya juu kabisa ya shingo, na wengi walioumia katikati ya shingo bado wanaweza.

Wataalamu wameitumia siri hii kwa njia mbalimbali. Katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, kundi la Maysam Ghovanloo lilitengeneza mfumo ambao sumaku ndogo mno huwekwa kwenye ulimi na vihisi vya pembeni ya mashavu hufuatilia inakoelekea. Majaribio yake kwa watu waliopooza yalichapishwa mwaka 2013. Kampuni ya Augmental, iliyochipuka kutoka chuo cha MIT, Marekani, inatengeneza MouthPad, kifaa kinachokaa kwenye kaakaa kama meno ya bandia ya juu. Ulimi huteleza juu yake kusogeza kishale, ndani mna vihisi vya mwendo wa kichwa, na mawasiliano hupita kwa Bluetooth. Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyepooza kwa maradhi ya mishipa ya fahamu, kwa miaka mingi aliandika kwa msuli wa shavu: kihisi cha mwanga usioonekana kilichofungwa kwenye miwani kiliona shavu likitikisika.

Kifaa cha kaakaa hutengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu mmoja, na kukiagiza kutoka Marekani hadi Chake Chake si jambo la kila nyumba. Tunachoweza kukitengeneza hapa ni kile cha shavuni: ulimi ukisukuma shavu kwa ndani, shavu hutuna kwa nje, na lile tuno linabonyeza swichi.

Hapa sina mjadala. Usiweke kinywani kifaa chochote ulichokitengeneza mwenyewe. Mate hupitisha umeme, kipande kidogo kinaweza kumpalia mtu asiyeweza kukitoa kwa mkono, na betri ya lithiamu ikivuja inachoma nyama. Kila kitu katika mwongozo huu kinakaa nje ya mdomo.

Kabla ya kuwasha chochote

Shingo iliyoumia karibuni haiguswi bila idhini ya daktari. Kama mgonjwa bado anavaa kola, au amefanyiwa upasuaji na hajaambiwa mfupa umeshika, ngoja. Uliza alikotibiwa, iwe ni Mnazi Mmoja kwenye taasisi ya upasuaji wa mishipa ya fahamu ya NED, au Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Swali liwe la wazi: "Je, anaruhusiwa kugeuza kichwa kulia, kushoto, juu na chini, na kwa muda gani?"

Pili, ukaaji. Mgongo uegemee, kichwa kiwe na pa kupumzikia lakini kisibanwe, na skrini iwe usawa wa macho, si chini mapajani. Anayetumia akiwa kitandani ainuliwe kwa mito imara. Asiyehisi makalio lazima asogezwe kupunguza uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata kama kazi imenoga. Vidonda vya kulalia huanza bila maumivu, na vimeua watu ambao shingo haikuwaua.

Tatu, dalili ambayo kila mlezi aijue kwa moyo. Aliyeumia usawa wa katikati ya kifua au juu yake akishikwa ghafla na kichwa kinachogonga, jasho na wekundu usoni, acheni kompyuta pale pale. Mkalisheni wima, legezeni nguo, angalieni mpira wa mkojo kama umekunjika au mfuko umejaa, kisha choo na ngozi. Shinikizo la damu linaweza kuwa linapanda kwa kasi ya hatari. Lisiposhuka haraka, ni hospitali.

Njia ya kwanza: kamera ya laptopu

Anza hapa hata kama unakusudia kutengeneza kofia, kwa sababu utajua mapema kama mtu anapenda kutumia kichwa au hapendi. Kwenye Windows na Linux kuna programu ya bure iitwayo eViacam. Inamtazama mtumiaji kwa kamera na kusogeza kishale kufuatana na kichwa. Windows pia ina Camera Mouse, iliyotoka Boston College, nayo ya bure. Kwenye Mac huhitaji kupakua kitu: fungua mipangilio ya ufikivu, sehemu ya udhibiti wa kishale, uwashe kishale cha kichwa. Simu za Android kuanzia toleo la 12 zina Camera Switches, ambapo kutabasamu, kufungua mdomo, kuinua nyusi au kutazama pembeni kunakuwa amri.

Mpangilio wa eViacam ni huu. Weka mwanga mbele ya uso. Dirisha likiwa nyuma ya mgongo, kamera huona kivuli tu. Kaa umbali wa kama mkono mmoja hadi mmoja na nusu. Fungua programu, ifuate hatua zake za kuupata uso, kisha punguza kasi ya kishale hadi mtumiaji aweze kukisimamisha juu ya ikoni bila kuipita. Washa kubofya kwa kusubiri: kishale kikitulia mahali kwa muda uliowekwa, kompyuta inabofya. Anzeni na sekunde 1.5, mpunguze baadaye.

Kuna mipaka. Umeme ukikatika usiku na chumba kikawa giza, kamera haina kazi. Mwanamke anayevaa niqabu hawezi kuitumia bila kuivua, na hilo halipaswi kuwa sharti la kupata kompyuta. Kubofya kwa kusubiri nako kunachosha akili, maana kila unapopumzisha kichwa upo mashakani usije ukafungua kitu usichokitaka. Kofia inaondoa matatizo yote matatu.

Njia ya pili: kofia na swichi ya shavu

*Vifaa.* Unahitaji bodi ya Arduino Pro Micro au Leonardo. Usikubali kuuziwa Uno au Nano ya kawaida kwa madai kwamba ni kitu kilekile. Bodi zenye chipu ya ATmega32U4 zinaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni mausi. Uno na Nano haziwezi hilo moja kwa moja. Kihisi cha mwendo ni MPU6050, kinachouzwa kikiwa juu ya kibao kidogo cha GY-521. Ongeza mikroswichi yenye mkono mrefu wa chuma laini, waya nyembamba zinazopindika, kebo ya USB ya mita 2, na hedfoni mbovu ambayo mkono wake wa maikrofoni bado unapinda na kukaa ulipouacha. Hizo za mwisho ziulizie kwa mafundi wa Darajani au Mlandege. Hedfoni zilizokufa sauti hawazithamini. Bodi na kihisi mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuja na boti.

Sitii betri kwenye kofia. Umeme unatoka kwenye laptopu kwa kebo, volti 5 tu, na kichwani hakuna kitu cha kuwaka.

*Kuunganisha.* Ni waya sita. VCC ya kihisi iende VCC ya bodi, GND iende GND, SDA iende pini 2, SCL iende pini 3. Mguu mmoja wa swichi uende pini 7, mwingine GND. Lehemu vizuri, maana waya za kuchomeka hulegea kila kichwa kikigeuka. Ukishajaribu na kuona inafanya kazi, paka viungo vya risasi rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, ukiiepusha tundu ya USB. Hewa yetu ina chumvi, na jasho la kichwani lina chumvi zaidi. Shaba isiyofunikwa huota kutu ya kijani.

*Programu.* Fundi yeyote aliyepita Taasisi ya Karume pale Mbweni, au kijana aliyejifunza Arduino mwenyewe, anaweza kuiandika kwa maktaba mbili tu, Wire na Mouse. Mpe maelekezo haya, kwa sababu humu ndimo ubora wa kofia ulipo.

Kihisi kina anwani 0x68 na huamka unapoandika sifuri kwenye rejista 0x6B. Usomaji wa jairoskopu, yaani sehemu ya kihisi inayopima kasi ya kugeuka, unaanzia rejista 0x43. Katika kipimo chake cha chini, nyuzi 250 kwa sekunde, kila nyuzi 1 kwa sekunde hutoa hesabu 131. Soma mara 100 kwa sekunde.

Jairoskopu haitoi sifuri hata ikitulia. Ina kosa dogo la kudumu, na kosa hilo hubadilika na joto. Kwa hivyo kofia ikiwashwa, soma mara 500, yaani sekunde 5, ikiwa imetulia, upate wastani na uutoe katika kila usomaji unaofuata. Bila hatua hii kishale kitatambaa chenyewe hadi pembeni ya skrini. Weka pia kanuni kwamba kichwa kikitulia kabisa kwa sekunde 3, wastani usahihishwe upya polepole. Mchana wa Februari Wete, kofia ya saa nne asubuhi na ya saa nane mchana si kofia moja.

Baada ya kutoa kosa, puuza mwendo wowote ulio chini ya hesabu 150 hivi. Hiyo inaua mtetemo wa kupumua. Kinachobaki kigawe kwa 400 upate pikseli za kusogeza. Hesabu yake ni hii: kichwa kikigeuka nyuzi 30 kwa sekunde moja, kishale kitakwenda takriban pikseli 1,000. Mwenye shingo ngumu mgawie kwa 200, na nyuzi 20 na kitu zitamtosha kuvuka skrini ya pikseli 1,366. Weka na kikomo cha juu kwa kila usomaji, ili mshtuko wa misuli usikitupe kishale kusikojulikana. Kwenye mipangilio ya mausi ya Windows, zima ule uongezaji kasi wa kishale, maana utaharibu hesabu zote hizi.

Kisha swichi. Puuza mitetemo iliyo chini ya milisekunde 40. Msukumo mfupi wa ulimi ni kubofya kwa kawaida. Msukumo wa nusu sekunde hadi sekunde 2 ni kubofya kwa kulia. Msukumo unaozidi sekunde 2 unasimamisha kishale, na mwingine wa namna hiyo unakiamsha.

Mambo mawili hapa usiyaache hata kidogo. La kwanza: swichi ikiguswa tu, kishale kigande papo hapo hadi iachiwe. Ulimi ukisukuma shavu, kichwa hutikisika kidogo, na bila kugandisha, mtu atabofya jirani ya alichokusudia, atarudia, atakata tamaa, na mtadhani tatizo ni yeye. La pili ni kule kusimamisha kishale. Mtu anataka kumgeukia mgeni aliyepiga hodi, kukohoa, kunywa maji, kufikiri. Kama lazima amwite mtu kila mara aje kuzima, hajapata kompyuta yake. Amepata sababu nyingine ya kuwategemea wengine. Kofia isiyoweza kuzimwa na mvaaji mwenyewe mimi siihesabu kuwa imekamilika.

*Kuvaa.* Kofia ya kiua inafaa ajabu. Vitobo vyake vinapitisha uzi wa kufungia kibao cha kihisi bila kuitoboa, na vinapitisha hewa. Iwe ya kubana kiasi, kwa sababu kofia inayoteleza inampa kihisi habari za uongo. Kihisi kikae juu, katikati, kimelala bapa, na bodi iende upande wa nyuma. Kwa mwanamke, shona kihisi kwenye utepe wa lastiki unaovaliwa chini ya mtandio. Jairoskopu haihitaji kuona chochote, kwa hivyo mtandio na niqabu haviizuii.

Mkono wa maikrofoni ufunge ubavuni, na mikroswichi iwe kwenye ncha yake, imefunikwa kwa kitambaa laini. Mwambie mtumiaji asukume shavu kwa ulimi mara kadhaa, utazame linapotuna zaidi. Kwa wengi ni kidogo nyuma ya pembe ya mdomo. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya swichi na shavu lililotulia. Kisha mwache azungumze, acheke, ameze mate. Swichi ikilia wakati wa kucheka, isogeze nyuma.

Shavu likiwa dhaifu, badili mikroswichi kwa kihisi cha mwanga cha TCRT5000, kinachoona ukaribu bila kuguswa, kwa kanuni ileile ya miwani ya Hawking. Kwenye baraza lenye jua kitababaika, maana mwanga wa jua una miale hiyohiyo. Kitumike ndani.

Faida ya kofia hii ambayo programu ya kamera haina: kompyuta inaiona kuwa ni mausi tu. Haihitaji kusakinishwa kitu, inafanya kazi tangu ukurasa wa nenosiri, na inahamia kompyuta ya skuli, ya ofisi, au simu ya Android kwa kebo ya OTG, ile inayochomeka kifaa cha USB kwenye simu.

Kuandika

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, kibodi ya kwenye skrini itatokea. Mlezi aiweke mara moja ijiwashe kila kompyuta inapofunguka. Ivute iwe kubwa, ijaze nusu ya chini ya skrini. Anayetumia kamera peke yake achague namna ya kuelea juu ya herufi badala ya kubofya.

Kwa maandishi marefu tumieni sauti. Google inaelewa Kiswahili cha kutamka, kwenye kibodi ya Gboard na kwenye Google Docs, na intaneti ikiwa nzuri inaandika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini usifanye sauti kuwa njia pekee. Aliyeumia shingo mara nyingi pumzi yake ni fupi. Nyumba zetu nazo zina watoto, redio na jirani, na si kila ujumbe wa kutamkwa mbele ya watu. Barua ya mapenzi na nenosiri la benki viandikwe kimya kimya, kwa kichwa na ulimi.

Kuburuta vitu kwa kofia kunawezekana lakini kunaudhi. Kubofya kwa kulia, kisha kukata na kubandika, kunafanya kazi hiyohiyo bila jasho.

Kujizoeza

Dakika 10 kwa kikao zinatosha mwanzoni, asubuhi shingo ikiwa na nguvu. Kwanza kusogeza tu, bila kubofya: kishale kipelekwe pembe nne za skrini, kirudi katikati. Ikishakuwa rahisi, kubofya ikoni zilizokuzwa. Kisha mchezo wa karata za Solitaire, ambao unafundisha usahihi kuliko zoezi lolote la kubuni. Kuandika kuje mwisho, na kuanze na kitu anachokitaka mwenyewe, kama ujumbe kwa rafiki, wala si imla ya mlezi.

Mlezi asimnyang'anye kazi. Akikosea herufi, mwache aifute. Na baada ya kila kikao vueni kofia mtazame paji la uso na nyuma ya masikio: wekundu usiopotea ndani ya nusu saa unamaanisha panabana.

Inapogoma

Kishale kikitambaa chenyewe, chomoa kofia, ilaze mezani, ichomeke tena na usiiguse kwa sekunde 5. Kikienda kinyume, juu ikawa chini, kihisi kimefungwa kichwa chini au ishara ya mhimili mmoja igeuzwe kwenye programu. Kikiruka na kukatika, ni kebo au kiungo kilicholegea, karibu kila mara pale waya inapoingia kwenye kibao. Ifunge kwa uzi ili mvuto ubebwe na kofia badala ya risasi. Kubofya mara mbili bila kukusudia kunatibiwa kwa kuongeza zile milisekunde 40 hadi 80. Na kompyuta isipoiona kofia kabisa, badili kebo kabla ya kulaumu bodi, kwa sababu kebo nyingi za dukani zinapitisha umeme wa kuchaji tu, hazina waya za data.

Nunua kihisi cha pili mapema, kwani kukingoja kutoka Dar es Salaam wakati mtu ameshazoea kuandika ni kumfungia mlango. Namba za mvaaji, yaani kigawanyo, kikomo na milisekunde za swichi, ziandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye kitambaa na kishonwe ndani ya kofia, ili fundi yeyote wa Mkoani, Wete au Mwanakwerekwe aweze kuirekebisha bila kukutafuta wewe.